Hamira inayoitwa pombe

Sisi waandishi wa programu tuna njia ya zamani ya kujua kazi ya kipande cha msimbo: kiondoe, uone kitakachoharibika. Wanabiolojia nao huzifanyia protini vivyo hivyo, na mara nyingi hutumia hamira. Tena iko moja yenye jina letu kabisa: Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe hii hii! Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliipata ndani ya pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akalichukua neno la Kiswahili kama lilivyo.

Kwa nini hamira? Seli yake ina kiini kama yako na yangu, inazaana kwa saa chache, na kuilisha ni rahisi. Lakini kuna tatizo. Ukiiharibu protini ya lazima, seli inakufa na huna cha kuchunguza. Mwaka 1970, Leland Hartwell wa Seattle, Marekani, alianza kutangaza dawa ya tatizo hilo. Alitafuta hamira za mkate zenye jeni inayofanya kazi kwenye ubaridi na kushindwa kwenye joto. Ukipandisha joto, seli inakwama, nawe unaona imekwamia hatua gani. Ni sawa na kusimamisha programu katikati na kuikagua.

Huko Edinburgh, Paul Nurse akafanya hivyo kwa ile hamira ya pombe. Jeni moja, cdc2, ilimvutia sana: ikishindwa, seli hurefuka tu bila kugawanyika.

Je, binadamu naye anayo? Jenomu yetu ilikuwa bado haijasomwa. Mwaka 1987 mjini London, Melanie Lee na Nurse walichukua hamira zenye cdc2 mbovu, wakaziingizia nakala nyingi za jeni za binadamu, kila seli na bahati yake, kisha wakaziweka kwenye joto la kama nyuzi 36. Nyingi zilikwama. Chache zikaanza kugawanyika! Ndani yake mlikuwa na jeni ya binadamu iliyoshika kazi ya ile mbovu.

Hebu fikiria. Ukoo wetu na wa hamira ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri kinaingia. Protini hizo mbili zinafanana kwa takriban asilimia 63. Yetu leo inaitwa CDK1.

Mwaka 2001 Hartwell, Nurse na Tim Hunt walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbociclib, dawa ya saratani ya matiti inayozuia CDK4 na CDK6, ndugu wa protini hiyo. Kutoka 1970 hadi hapo ni miaka 45. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini pesa za umma zitumike kuchunguza hamira, mhesabie miaka hiyo, kisha umtajie wagonjwa.