Somo la Historia: Sunday Manara, Mchezaji wa Kulipwa

Wanafunzi wa Wampembe, leo tutasoma habari za Bwana Sunday Manara, aliyekuwa mchezaji wa kandanda wa Yanga.

Tarehe 10 Agosti, 1974, Yanga na Simba walipambana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Simba walitangulia kufunga. Zikiwa zimebaki dakika chache tu, Gibson Sembuli akasawazisha. Muda ukaongezwa, na Manara ndiye aliyefunga bao la ushindi, mawili kwa moja. Watu walimwita “Kompyuta”, ingawa wengi wao walikuwa hawajapata kuiona mashine hiyo!

Siku zile mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alishangiliwa Jumamosi. Jumatatu akarudi kazini kwake. Ninyi wavuvi mtaelewa upesi: avuaye dagaa wa kitoweo na avuaye wa kuuza wako katika ziwa moja, lakini kazi zao si moja.

Mwaka 1977 Manara alikwenda Uholanzi, akachezea klabu ya Heracles, mjini Almelo, kwa mshahara. Hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Baadaye alivuka bahari mpaka Marekani, akachezea New York Eagles.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: ridhaa, mshahara, klabu.