Nduwa ya Nyuma ya Nyumba
Baba mdogo alitaka kuifukia. Alishapiga hesabu ya tofali za vyumba vinne vya kupangisha, na kwake lile shimo kubwa nyuma ya nyumba ya Bibi, huko Uru, lilikuwa mazalia ya mbu tu. Mimi nimekulia Majengo, mjini Moshi, ambako maji hutoka bombani. Sikujua hata kwamba shimo lile, lililojaa matete na magugu, lina jina.

“Hiyo ni nduwa, mjukuu wangu,” Bibi alisema.

Kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Moshi mwaka 1911 na mji kukua huku bondeni, Wachagga walishatega mito ya mlimani na kuyaongoza maji hadi vihambani kwa mifereji waliyoiita mifongo. Harry Johnston, aliyefika Moshi mwaka 1884 enzi za Mangi Rindi, aliistaajabia. Maji yaligawanywa kwa zamu. Ili ya usiku yasipotee, yalikusanywa kwenye nduwa, na asubuhi tundu lilizibuliwa yakamwagilia migomba, ulezi wa mbege na majimbi. Kila mfongo ulikuwa na mkuu wake, meni mfongo. Aliita msaragambo wa kuusafisha, na asiyetokea alitozwa faini. Wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia banio. Bibi alilima kihamba hiki tangu alipoolewa, lakini kuzibua nduwa ilikuwa kazi ya babu na wanawe. Babu alipofariki, wana walikuwa mjini. Magugu yakaingia.

Nilimwomba baba mdogo anipe kiangazi kimoja.

Vijana niliowaajiri walitaka kung'oa kila kitu kwa siku mbili. Tulipovuta fungu la kwanza la magugu, lilitikisika: viluwiluwi, konokono, watoto wa kereng'ende. Nikasimamisha kazi. Tukaigawa nduwa mafungu matatu, tukasafisha mawili na kuliacha la tatu na matete yake hadi mwaka unaofuata. Magugu tuliyotoa tulikuwa tunayalaza ukingoni siku mbili, vilivyo hai virudi majini, kisha tunayapeleka kwenye migomba. Tope tulilichota kwa beleshi, juu juu tu, maana chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaozuia maji kuzama. Ukiuchimbua, umejipatia shimo lisiloshika maji.

Jirani alishauri tumwage mafuta ya taa kuua mbu. Mwingine, tupandikize perege. Mafuta yangeua pia watoto wa kereng'ende, ambao chakula chao kimojawapo ni viluwiluwi vya mbu, na perege wangekula mayai ya vyura. Tulikataa yote mawili, ingawa kwa wiki kadhaa baba mdogo alinihesabia mbu kila alipopiga simu.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilimwonyesha baba mdogo habari hiyo kwenye simu. Akauliza urithi huo unalipa kodi kiasi gani kwa mwezi. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Mibuni ya kahawa iliyomsomesha imebaki michache.

Swali gumu zaidi lilikuwa tundu. Wazee waliiachia nduwa ikauke kabisa kila siku. Tukifanya hivyo, viumbe tuliowaokoa wangekufia kwenye tope. Tukaweka bomba jipya juu ya lile tundu la zamani, ili maji ya kufika magotini yabaki daima. Migomba inapata pungufu kidogo, na mistari miwili ya mwisho bado tunaimwagilia kwa ndoo.

Maji yalipojaa, nilimpa Bibi kizibo akivute. Alitazama nyuma, kama kwamba kuna mtu angemkataza. Baba mdogo alikuwa amesimama pale, kimya, mikono mfukoni. Bibi akavuta.