Bunduki Iliyokatwa kwa Kipimo cha Risasi

Mwaka 1845 fundi wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alichukua fataki ya kuwashia bunduki, akaipachika kidonge cha risasi mdomoni. Haikuhitaji baruti zaidi, wala haikuwa na kishindo cha kuwaamsha majirani, na wenye nafasi wakaanza kulenga shabaha ndani ya majumba yao. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani waliongeza baruti kidogo kwa ajili ya bastola yao ya kwanza. Kisha, mwaka 1887, kiwanda cha Stevens huko Massachusetts kikatoa risasi ya .22 Long Rifle, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi. Ndiyo inayotumika mpaka leo.

Uingereza ilishtushwa na Vita vya Makaburu (1899–1902), ambako wakulima waliwazidi askari wake kwa shabaha. Vilabu vya bunduki ndogo za .22 vikachipuka, na mwaka 1908 bunduki hiyo ikaingia Olimpiki ya London.

Risasi ya .22 ina tabia moja iliyowasumbua mafundi kizazi baada ya kizazi. Kiwashio chake kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda. Pini ikigonga, ukingo unabonyea na ganda halifai tena. Mlengaji wa bunduki kubwa hukaa mezani akijaza maganda yake mwenyewe, baruti akiipima kwenye mizani. Wa .22 hana uhuru huo: anafyatua kilichomo kwenye boksi. Akitaka usahihi zaidi, hana budi kuibadilisha bunduki.

Ndiyo maana mafundi wa mitutu walipata sifa kubwa. Harry Pope, aliyefanya kazi Stevens kuanzia 1901, alikata mifereji ya mitutu yake kwa mkono, na hakumwahidi mteja tarehe. Alihamia San Francisco mwaka 1906, mwaka wa tetemeko. Karakana yake ikateketea. Akaanza upya mashariki, na wateja wakaendelea kumsubiri.

Winchester ilileta bunduki yake ya Model 52 kwenye mashindano ya kitaifa ya Marekani mwaka 1919. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Anschütz, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa Thuringia mwaka 1856, ilianza upya mjini Ulm, na bunduki zake zikatawala mistari ya mita 50. Hata hivyo, wapo walioendelea kuagiza ya kwao kwa fundi.

Fundi huyo huanza na mtutu, ambao mifereji yake huzunguka mara moja katika kila sentimita 40 hivi. Huusugua ndani kwa kidonge cha risasi iliyoyeyushwa na unga wa kunoa, hata kidonge kipite bila kukwama popote. Chemba huchimbwa finyu kiasi kwamba kichwa cha risasi kinagusa mifereji kabla ya kufyatuliwa. Nafasi ya ukingo wa ganda hupimwa kwa sehemu za mia za milimita: ikizidi, pigo la pini linapungua nguvu. Mwisho bunduki hulazwa kwenye kitako kwa epoksi, isichezecheze.

Kazi yote hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni kupambana na tofauti za kasi. Risasi za mashindano hutoka kwa mita 330 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti, kwa sababu kuvuka mpaka huo huziyumbisha. Moja ikiwa pungufu kwa mita 10 kwa sekunde, kwa shabaha ya mita 50 itatua milimita 7 hivi chini ya mwenzake. Na duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Baadhi ya mafundi hufunga kizito mdomoni mwa mtutu, wakakisogeza kwa skrubu hadi mtikisiko wa chuma uinyanyue kidogo risasi inayochelewa.

Bado kuna suala la boksi. Eley wa Uingereza na Lapua wa Finland wana vituo vya majaribio: mlengaji huleta bunduki yake, inabanwa kwenye jiliwa, na toleo baada ya toleo la risasi za aina ileile linafyatuliwa. Likipatikana linalotua pamoja, hununua katoni nyingi za toleo hilohilo, kwani toleo linalofuata huenda bunduki yake isilipende.