Mizani na Jina Kubwa

Ukichukua punje ya chumvi ukaivunja, ukavunja na kipande chake, na kipande cha kipande, je, utafika mahali pasipovunjika tena? Swali hili lilimshughulisha Democritus, mwenye hekima wa Uyunani, yapata miaka 400 kabla ya Kristo. Alijibu kuwa vitu vyote ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno zisizogawanyika. Chembe hizo ndizo tuziitazo atomu.

Aristotle alilikataa wazo hilo. Yeye aliafikiana na wale waliosema kuwa vitu vya dunia vimetokana na asili nne: udongo, maji, hewa na moto. Jina lake lilikuwa kubwa, na Democritus hakuacha ushahidi wa kulishinda. Basi watu wengi wakaipokea kauli ya Aristotle bila kuipima.

Kilichokuja kuitikisa ni mizani. Huko Ufaransa, Antoine Lavoisier alipima vitu kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaona kuwa uzito haupotei. Akathibitisha pia kwamba maji si asili, bali ni muungano wa hidrojeni na oksijeni. Mwaka 1789 alitoa orodha ya elementi 33, ingawa kwa makosa alitia humo mwanga na joto. Mwaka 1794 alikatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake, lakini kazi yake haikufa naye.

Mwaka 1808 John Dalton, mwalimu wa Uingereza na mwana wa mfumaji, aliandika kuwa kila elementi ina atomu za namna yake, zenye uzito wake. Naye alikosea. Alidhani kuwa maji yana atomu moja ya hidrojeni kwa moja ya oksijeni, kumbe ni mbili kwa moja. Aliamini pia kuwa atomu haigawanyiki. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, iliyo ndogo kuliko atomu, na mwaka 1911 Ernest Rutherford akaonyesha kuwa atomu ina kiini kidogo sana katikati.

Leo elementi 118 zinajulikana. Tazama basi, msomaji: kosa la Aristotle lilidumu karibu miaka 2,000, la Dalton halikutimiza karne. Wote wawili walikuwa watu wenye akili nyingi. Ila maneno ya Dalton yaliwekwa mizanini, na mizani haijui jina la mtu.