Mwaka 1909 katika Uwanja wa Indianapolis: Ajali za Agosti na Chimbuko la Njia ya Matofali

Masimulizi mengi kuhusu uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis, nchini Marekani, huanza na mbio za maili 500 za mwaka 1911. Insha hii inachunguza mwaka 1909, ambapo uwanja huo ulijengwa, ukafunguliwa, ukashuhudia vifo vya watu watano na kujengwa upya. Hoja kuu ni kwamba njia ya matofali, iliyokuja kuwa fahari ya uwanja, haikutokana na upeo wa waasisi wake. Ilitokana na maafa yaliyowapata madereva, mafundi na watazamaji walioingia uwanjani kabla usalama wa njia haujathibitishwa.

Kampuni ya uwanja ilianzishwa Machi 1909 na wafanyabiashara wanne: Carl Fisher, James Allison, Arthur Newby na Frank Wheeler. Wote walikuwa na maslahi katika biashara ya magari. Fisher na Allison waliuza gesi ya taa za magari, Newby alikuwa na kiwanda cha magari, na Wheeler alitengeneza kabureta. Lengo lao lilikuwa kuvipatia viwanda mahali pa kujaribia magari kwa mwendo wa kasi, kwa kuwa barabara za wakati huo hazikufaa kazi hiyo. Uwanja wa Brooklands wa Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1907, ulikuwa na njia ya zege. Waasisi wa Indianapolis walijenga njia ya maili 2.5, yaani takriban kilomita 4, kwa kokoto zilizoshindiliwa na kumwagiwa lami.

Shindano la kwanza, la tarehe 5 Juni, halikuhitaji njia hiyo hata kidogo, kwani lilikuwa la maputo yaliyobeba watu angani. Njia ilijaribiwa kwa mara ya kwanza katika mbio za pikipiki za tarehe 14 Agosti. Kokoto zilipasua matairi, waendeshaji wakaanguka, na mashindano yakakatishwa kabla ya ratiba kukamilika. Onyo lilikuwa wazi. Hata hivyo, mbio za magari zilianza siku tano tu baadaye.

Tarehe 19 Agosti, dereva William Bourque na fundi wake Harry Holcomb walifariki baada ya gari lao kuacha njia. Siku hiyohiyo, Louis Chevrolet alilazimika kujitoa baada ya jiwe kuvunja miwani yake. Tarehe 21 Agosti, tairi la gari la Charlie Merz lilipasuka. Gari likavunja uzio na kumuua fundi Claude Kellum pamoja na watazamaji wawili. Baada ya ajali nyingine kufuata, mbio zilizopangwa kuwa za maili 300 zilisimamishwa zilipofikia maili 235.

Inaweza kudaiwa kwamba chanzo cha maafa hayo kilikuwa udhaifu wa matairi ya enzi hizo. Dai hilo lina ukweli, lakini halijitoshelezi. Udhaifu wa matairi ulifahamika kabla ya Agosti, na mbio za pikipiki zilikwisha kuonyesha jinsi kokoto zilivyouzidisha. Aidha, vikombe viwili vikuu vilivyoshindaniwa vilibeba majina ya biashara za waasisi wenyewe. Walioamua kwamba njia iko tayari ndio waliotarajia kunufaika nayo.

Chama cha wenye magari cha Marekani, kilichosimamia mbio, kilitishia kutoziidhinisha tena hadi njia irekebishwe. Ndipo majaribio yalipotangulia ujenzi. Kipande kidogo cha njia kilitandikwa matofali, gari likafungwa kamba kwenye nguzo, na magurudumu yakazungushwa kwa kasi juu yake. Matofali yalipostahimili, yapatayo milioni 3.2 yalitandikwa kwa muda wa siku 63. Ukuta wa zege ulijengwa pia ili kuwakinga watazamaji. Mwezi Desemba, Gavana Thomas Marshall aliweka tofali la mwisho, lililopakwa dhahabu, na katika baridi kali Lewis Strang aliendesha kwa kasi iliyozidi maili 110 kwa saa.

Njia mpya haikukomesha vifo. Katika mbio za mwaka 1911, alizoshinda Ray Harroun, fundi mmoja alipoteza maisha. Mabadiliko ya mwaka 1909 yalihusu utaratibu: jaribio la njia lilitangulizwa mbele ya mbio. Uwanja uliokusudiwa kupima magari ulikuwa umepimwa wenyewe kwanza, na waliolipa gharama ya kipimo hicho hawakuwa waasisi wake. Ukanda mwembamba wa matofali uliobakizwa kwenye mstari wa kuanzia na kumalizia hutazamwa leo kama alama ya ushindi. Kihistoria, unastahili kusomwa pia kama kumbukumbu ya watu watano wa Agosti 1909.