Mufwankolo: mchezo unaoishi mu kichwa cha wasikilizaji

Mu Lubumbashi, jina Mufwankolo liko na maana mbili. Ni jina la mchezo la Odilon Kyembe Kaswili, mchekeshaji aliyejulikana ku redio na ku televizio. Ni pia jina la kikundi chake, Troupe Théâtrale Mufwankolo. Watu wengi hawatenganishi hizo mbili. Wakisema « Mufwankolo » wanamaanisha mtu, wenzake, wimbo wa kufungua, saa ya jioni, na jirani waliokuja kuangalia juu kwao hakukukuwa televizio.

Kikundi kilizaliwa mu miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Kati ya watu wa mwanzo alikuwa Kachelewa, ambaye wazee wanamtaja mpaka leo. Toka hapo mji ulibadilisha jina mu 1966, jimbo likaitwa Shaba, likarudia Katanga, kisha Haut-Katanga mu 2015. Inchi iliitwa Zaïre toka 1971 mpaka 1997. Kituo cha televizio ya serikali kilibadilisha jina nacho: kilikuwa OZRT, leo ni RTNC. Majina hayo yote yalipita, na michezo ya Mufwankolo ikaendelea kutajwa.

Umri wa namna hiyo unaleta swali: kikundi cha kuchekesha kikitimiza makumi ya miaka, nani anafanya sherehe, na sherehe hiyo inafanywa na nini?

Sherehe yenye kabati na sherehe isiyo na kabati

Mu Marekani, kipindi Saturday Night Live kilianza tarehe 11 Oktoba 1975. Mu Februari 2025 kilifanya kipindi cha pekee cha miaka 50. Wapenzi wake walifanya kile wapenzi wa michezo wanafanya kila mahali: wakahesabu nani alirudi na nani hakuonekana, wakauliza juu ya nini mchezo fulani umesahauliwa, wakabishana kama zamani ilikuwa inachekesha kupita leo. Lakini ubishi wao uko na mwisho. Kampuni ya televizio iko na kabati. Mtu akisema neno fulani lilisemwa namna fulani, picha ya siku ile inatolewa na inaonyeshwa.

Mu Kenya, Vioja Mahakamani, mchezo wa kortini wenye kutumia Kiswahili, umecheza toka miaka ya 1970 ku televizio ya taifa. Huko pia, mzee na mjukuu wanaweza kumcheka mtu mumoja, kila mumoja na miaka yake.

Mu Lubumbashi ubishi ni uleule, lakini hali ni ingine. Michezo ya Mufwankolo haikuandikwa mbele ya kuchezwa. Wachezaji walikaa pamoja, wakatafuta jambo la kusema, wakalikata vipande, wakagawa kazi: nani ni baba, nani ni bibi, nani ni mkwe, nani ni mkubwa wa kazi. Kila mumoja alijua mahali mchezo unaanza na mahali unapaswa kufika. Maneno yenyewe yalipatikana pale pale, kinywa kwa kinywa. Mchezaji akitupa neno, mwenzake alipaswa kulidaka na kulirudisha.

Sawa vile hakukuwa kitabu, mchezo uliochezwa jioni moja uliisha jioni ile. Kama kaseti haikulindwa, ama haikurekodiwa kabisa, kilichobaki ni kile watu waliopeleka nyumbani mu kichwa. Kwa hiyo, wakati watu wa Kamalondo, Kenya, Katuba ao Ruashi wanabishana juu ya mchezo wa zamani, hawafanyi furaha tu. Wanafanya ile kazi ambayo kwingine inafanywa na kabati.

Namna watu wanakumbuka

Ukumbusho wa wapenzi wa teatre hii uko na njia zake.

Ya kwanza ni majina. Wachezaji walijulikana kwa majina ya mchezo kupita majina ya kuzaliwa. Bwana Cheko: jina lenyewe limekwisha kucheka mbele mtu hajafungua kinywa. Tala Ngai: ni Kilingala, « niangalie mimi », jina la mtu anayetaka macho yote yawe kwake. Kuna Kalwasha, kuna Feza. Jina moja likitajwa, mwingine analeta la pili, na mezani kikundi kizima kinarudi.

Ya pili ni sauti. Mtu hasimulii mchezo, anaucheza. Anasimama, anakunja mgongo, anabadilisha sauti, anakuwa muzee mwenye deni anayemkimbia mwenye duka. Mtoto ambaye hakuzaliwa wakati ule anaanza kuujua mchezo kupitia mwili wa baba yake. Ndiyo maana mtu wa miaka 20 anaweza kusema neno la Mufwankolo bila kuwahi kumuona ku televizio.

Ya tatu ni kusahihishana. « Hapana, hakusema vile. » Hapo ndipo kelele inaanza. Mumoja anasema ni bibi aliyemfukuza bwana, mwingine anasema ni mama mkwe. Mara nyingi wote wawili wanaweza kuwa na haki, juu jambo moja lilichezwa zaidi ya mara moja, na maneno hayakuwa yaleyale.

Mambo yenyewe yalikuwa ya kila siku: mshahara unaoisha mbele ya mwisho wa mwezi, ndoa, ulevi, wageni wa familia wasiotaka kurudi kwao, uchawi, wakubwa wenye kiburi. Mu mji uliojengwa juu ya shaba, na kazi ya Union Minière iliyokuja kuwa Gécamines, mfanyakazi alijiona mwenyewe. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Wachezaji walitaka vyote viwili: kicheko na mafundisho.

Lugha ya nyumbani

Sababu moja kubwa ya upendo huo ni lugha. Kiswahili cha Lubumbashi hakikuwa lugha ya masomo wala ya barua za ofisi. Ku masomo na ku ofisi ni Kifaransa. Kiswahili cha vitabu, chenye « watu wako wapi », kinasikilika kama cha padri ao cha mgeni wa Tanzania. Nyumbani mtu anasema « bantu beko wapi », anakula bukari, anachanganya Kifaransa pale anapotaka kujionyesha, na neno la Kibemba ao la Kiluba pale anapotaka kuuma.

Mufwankolo na wenzake walipeleka lugha hiyo ku redio na ku televizio bila kuivalisha koti. Tena waliitumia kama chombo cha kazi. Mtu wa mchezo akianza kusema Kifaransa kirefu, watazamaji wanajua mbele ya wakati: huyu anadanganya, ao anataka franga. Mchekeshaji hakuhitaji kueleza. Kubadilisha lugha kulitosha.

1986: utawala unaliwa muzima

Mchezo wa kikundi unaojulikana zaidi nje ya inchi ulianza na kuku. Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha ku université ya Lubumbashi toka 1972 mpaka 1974, alirudi mu 1986. Wakati wa chakula na marafiki, ilikuja firigisi, kile kipande cha kuku ambacho kwa desturi kinapewa mkubwa ao mgeni wa heshima. Juu ya kipande hicho lilisemwa neno: « Le pouvoir se mange entier », ni kusema, utawala unaliwa muzima, haukatwi.

Fabian aliuliza maana yake. Wachezaji wa Mufwankolo walichukua swali hilo na kulifanya mchezo. Walizungumza juu yake kwa urefu, wakajaribu, wakabishana. Je, ni kusema mkubwa hagawi nguvu yake na mtu? Ao ni kusema anayekubali kula utawala lazima ale yote, hata mifupa? Kila jibu lilileta mchezo mwingine.

Mwisho walienda mu kijiji cha Kawama, karibu na mji, na televizio ikachukua picha. Hadithi ilikuwa ya mfumu wa kijiji na watu wake, ya heshima inayopotea na inayotafutwa tena. Wanakijiji wa Kawama hawakubaki watazamaji tu: waliingia mu mchezo wenyewe. Tarehe hizo zikumbukwe vizuri. Ilikuwa wakati wa chama kimoja cha Mobutu, na televizio ilikuwa ya serikali. Kusema juu ya utawala mbele ya kamera ya utawala haikuwa kazi nyepesi. Kijiji, mfumu na kuku vilisaidia: kila mutu aliweza kusikia kile alichotaka kusikia, na hakuna mutu aliyeweza kusema jina fulani limetajwa.

Fabian aliandika kitabu kizima juu ya mchezo huo, Power and Performance, kilichotoka mu 1990.

Kilichobaki mu karatasi

Kitabu hicho hakikuwa cha kwanza. Mu 1981, Walter Schicho pamoja na Ndala Mbayabo walitoa ku Vienna, mu Austria, kitabu Le Groupe Mufwankolo, chenye michezo iliyosikilizwa ku kaseti, ikaandikwa neno kwa neno na kutafsiriwa. Kisha ku université ya Amsterdam kulianzishwa, ku intaneti, hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa Congo, ambamo teatre ya Lubumbashi iko na nafasi yake.

Ni jambo la kushukuru, na linauma kidogo pia. Maneno yaliyosemwa Lubumbashi, na watu wa Lubumbashi, kwa watu wa Lubumbashi, yamelindwa vizuri zaidi Vienna na Amsterdam kupita mu mji wenyewe. Mwanafunzi wa UNILU anayetaka kuyasoma anayakuta kati ya maelezo ya Kifaransa ao ya Kiingereza. Na karatasi iko na mpaka wake. Inaonyesha neno, haionyeshi jicho. Inaandika « kicheko » na kupita, ingawa mu mchezo wa kuchekesha kicheko cha watu ndicho kinamwambia mchezaji aendelee ao ageuze njia.

Hapo ndipo mpenzi wa zamani anahitajika. Mama aliyekuwa anaangalia kila juma anaweza kueleza juu ya nini neno fulani liliangusha watu chini, nani mu mji alikuwa anachekwa bila kutajwa, bei gani ilikuwa imepanda juma lile. Hakuna kitabu kinachojua hayo yote.

Kazi ya mwenye kaseti

Mu nyumba nyingi kungali kaseti za redio na za video ndani ya sanduku, chini ya kitanda ao juu ya kabati. Utepe wa sumaku hauzeeki vizuri. Joto linauharibu, na unyevu wa majira ya mvua, toka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, unaleta ukungu. Kaseti iliyo na ukungu isiingizwe mu mashine mbele ya kusafishwa na fundi, juu inaweza kukatika na kuchafua mashine.

Kaseti nzima inakopiwa kwanza, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kukata kitu. Hata tangazo la biashara ao habari iliyo katikati inasaidia kujua mwaka. Kopi moja haitoshi: moja ibaki nyumbani, ingine iwekwe kwa mtu mwingine ao ku kituo chenye kuhifadhi. Kisha iandikwe karatasi: jina la mchezo kama linajulikana, mwaka, majina ya wachezaji wanaosikika, na nani alirekodi.

Na kama hakuna kaseti, kuna simu. Mzee anayeweza kucheza tena mchezo wa zamani arekodiwe anapoucheza, na yule anayebisha « hapana, hakusema vile » arekodiwe pia. Sauti hizo mbili ziwekwe pamoja, na isifutwe hata moja.