Jinsi kipokezi cha GPS kinavyoipa tarakilishi ya nyumbani saa sahihi

TARAKILISHI hupima wakati kwa kutumia kipande cha fuwele kinachotetemeka ndani yake. Fuwele hiyo si ya kuaminika sana, kwani mwendo wake hubadilika joto linapopanda au kushuka. Ikikosea kwa sehemu 20 tu katika kila milioni, saa hupotoka kwa takriban sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi.

Madhara yake si haba. Saa ikienda kombo kwa kiasi kikubwa, tovuti za benki na za barua pepe hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana kama vimepitwa na wakati au bado havijaanza kutumika. Nazo kamera mbili za ulinzi zenye saa zinazohitilafiana haziwezi kutoa ushahidi unaooana kuhusu tukio moja.

Kwa kawaida mashine husahihishiwa saa kupitia intaneti bila mwenyewe kujua. Hata hivyo, njia hiyo hufungika mtandao unapokatika. Isitoshe, tarakilishi ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la tano la mwaka wa 2023 hazikuundwa na saa inayoendelea kutembea umeme unapopotea. Zikiwaka tena bila intaneti, hazijui hata tarehe.

Kipokezi cha GPS huziba pengo hilo. Setilaiti za mfumo huo wa Marekani huizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kila moja imebeba saa za atomiki. Ili kujua mahali kilipo, kipokezi huhitaji kuzisikia setilaiti nne, kwa sababu pamoja na vipimo vitatu vya mahali, sharti kipate pia kiasi ambacho saa yake yenyewe imekosea. Hivyo basi, kifaa kinachomwonyesha dereva njia kinajua pia saa kwa usahihi mkubwa.

Maandishi na mpigo

Kipokezi hutoa saa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maandishi ya mtindo uitwao NMEA, yanayotaja tarehe, saa, dakika na sekunde. Ya pili ni mpigo wa umeme unaotoka mara moja kila sekunde inapoanza, nao hujulikana kama PPS.

Tofauti ya njia hizi ndiyo siri ya kazi yote. Maandishi husema ni saa ngapi, lakini hufika yakiwa yamechelewa, na kiasi cha kuchelewa hubadilika kila mara. Mpigo haukawii, ila hausemi ni saa ngapi. Ni sawa na milio ya redio inayotangulia taarifa ya habari: mlio huonyesha sekunde yenyewe, naye mtangazaji hutaja saa.

Anayetumia maandishi peke yake atapata saa yenye kosa la makumi ya sehemu za elfu za sekunde, au zaidi. Akiongeza mpigo, kosa hushuka hadi sehemu chache za milioni. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuhakikisha kuwa kipokezi kina pini ya PPS. Vingi vya bei nafuu vinavyochomekwa kwa USB havina.

Kuunganisha

Katika Raspberry Pi, waya wa maandishi kutoka kwa kipokezi huingia pini ya 10, wa mpigo pini ya 12, na wa ardhi pini ya 6. Pini za kupokea ishara hazistahimili zaidi ya volti 3.3; kipokezi kinachotoa ishara ya volti 5 huweza kuiharibu mashine. Ikiwa pini za kipokezi zimekuja zikiwa hazijashikizwa, zitiwe lehemu kwa uangalifu.

Antena nayo yahitaji kuiona mbingu. Ishara ya setilaiti hufika ardhini ikiwa hafifu mno, na paa la mabati huizuia. Dirishani huenda ikatosha, ingawa mahali pa wazi ni bora zaidi. Inayowekwa juu ya paa huhitaji kinga dhidi ya radi.

Programu ya gpsd husoma maandishi, nayo chrony huyaoanisha na mpigo kisha kuirekebisha saa ya mashine. Ni lazima chrony ielezwe wastani wa kuchelewa kwa maandishi. Kosa linalobaki likizidi nusu ya sekunde, mpigo utahesabiwa kuwa wa sekunde nyingine, na saa itakosea kwa sekunde nzima huku ikionekana thabiti.

Tahadhari

Kipokezi kipya kisiaminiwe papo hapo. Saa ya GPS imekuwa mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa sekunde 18 tangu Januari 1, 2017, na setilaiti huchukua hadi dakika 12 na nusu kumaliza kutangaza taarifa zake zote, pamoja na hiyo ya tofauti. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Hivyo saa sufuri ya UTC ni saa tisa usiku jijini Nairobi.

Aidha, ishara ya kawaida ya GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudia Novemba 2038. Vipokezi vikuukuu visivyotayarishwa hurudi nyuma karibu miaka 20 bila kutoa onyo. Hata programu hazijasalimika: kasoro katika matoleo ya gpsd 3.20 hadi 3.22 ingezirejesha saa hadi Machi 2002 ifikapo Oktoba 24, 2021.

Ndiyo maana seva ya nyumbani haifai kutegemea shahidi mmoja. Mtandao unapopatikana, ipewe pia seva tatu au nne za intaneti za kuilinganisha. Mashine nyingine za nyumbani zitaiuliza saa kwa utaratibu wa NTP, uliobuniwa na David Mills na kuchapishwa mwaka wa 1985. Mlango wake, nambari 123, usiachwe wazi kwa watu wa nje, kwani wavamizi wamewahi kuzitumia seva za aina hiyo kushambulia mitandao ya wengine.

Mwishowe, amri ya "chronyc sources" huonyesha matokeo. Alama ya nyota ikikaa kando ya PPS, mpigo ndio unaoongoza. Kabla ya kuiamini, mwenye seva aing'oe intaneti kwa siku nzima, kisha ailinganishe tena. Saa ikibaki pale pale, kazi imekamilika.